Karanga na Mwaloni: Kila Mmea na Ardhi Yake, Kila Mmea na Muda Wake

Karanga hujulikana na kila mtu katika Afrika ya Mashariki. Huuzwa sokoni kwa vikombe, hukaangwa, husagwa zikaungwa katika mboga, na watoto huzitafuna njiani waendapo shuleni. Mwaloni ni mti ambao wengi wamelisikia jina lake tu, labda katika Biblia ya Kiswahili, pasipo kuuona kwa macho. Mialoni ya asili humea Ulaya, Asia na Amerika, na katika Afrika hupatikana pande za kaskazini tu, kama vile Moroko na Algeria. Mimea hii miwili haifanani kwa umbo wala kwa maisha. Hata hivyo kuilinganisha kuna faida, maana humfundisha mkulima jambo ambalo kulisahau kumekwisha kuwagharimu watu mali nyingi: mmea haufuati matakwa ya apandaye, bali apandaye ndiye afuataye matakwa ya mmea.

KARANGA NA UDONGO MWEPESI

Asili ya karanga ni Amerika ya Kusini, nayo ililetwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Watu wengi huihesabu pamoja na korosho, lakini kwa kweli ni ndugu ya kunde na maharagwe. Maua yake ya manjano huchanua juu ya ardhi. Ua likisha kunyauka, hutoka kikonyo chembamba ambacho huinama na kujichimbia udongoni, na huko gizani ndiko ganda hukua na punje hujaa.

Tabia hiyo ndiyo iamuayo udongo wa karanga. Yafaa udongo uwe mwepesi, wenye mchanga kiasi, usiotuamisha maji. Udongo mzito wa mfinyanzi hukizuia kikonyo kupenya, na ukikauka huwa mgumu kama tofali, hata mvunaji aking'oa shina, karanga hubaki chini. Udongo uliopungukiwa na chokaa huzaa maganda matupu. Tena karanga hutaka joto, na mvua isiyopungua inchi 20 hivi, iliyogawanyika vizuri tangu kupanda hadi punje kujaa, kisha jua la kuvunia. Hukomaa kwa miezi 3 hadi 5 kwa kadiri ya aina yake.

Faida zake ni nyingi. Karibu nusu ya uzito wa punje ni mafuta, na kama robo ni protini, yaani chakula kijengacho mwili. Punje zikisha kukamuliwa mafuta, mashudu hulishwa mifugo, na majani makavu hupewa ng'ombe. Katika mizizi yake mna vinundu vyenye vijidudu ambavyo hutwaa naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Kwa hiyo mahindi yakipandwa msimu unaofuata mahali palipovunwa karanga, huikuta ardhi ina nguvu zaidi.

MAADUI WAWILI WA KARANGA

Adui wa kwanza ni ugonjwa wa rozeti, ambao huyafanya majani yadumae na kujikunja, na shina lisizae. Ugonjwa huu huenezwa na vidukari. Wakulima wa Busia, Homa Bay na sehemu nyingine za magharibi ya Kenya hushauriwa kupanda mapema mvua zinapoanza, kupanda mbegu karibu karibu, na kutafuta mbegu za aina zinazostahimili ugonjwa huo.

Adui wa pili huja baada ya kuvuna, naye ni hatari zaidi, kwa sababu humdhuru mlaji mwenyewe. Karanga zikiwekwa ghalani na unyevu, huota ukungu utoao sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo yaliwaua watu 125 katika Ukambani na sehemu za jirani. Karanga huweza kupata sumu ile ile, na kuzikaanga hakuiondoi yote. Basi karanga zianikwe juani juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu, mpaka punje zisikike zikicheza ndani ya ganda linapotikiswa. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe. Wasipewe watoto wala kuku.

MWALONI NA SUBIRA YAKE

Mwaloni una aina zaidi ya 400. Ule wa Uingereza na Ufaransa hupenda nchi yenye majira ya baridi, ambapo hupukutisha majani yake na kupumzika mpaka joto lirudi. Mizizi yake huenda chini sana, nao hustawi hata katika ule udongo mzito wa mfinyanzi ambao huiharibu karanga.

Mbegu za mimea hii nazo ni kinyume. Karanga hazina budi kukaushwa ili ziwekwe hadi msimu ujao, lakini kokwa ya mwaloni ikikauka hufa, kwa hiyo hupandwa ingali mbichi. Ndege mmoja wa jamaa ya kunguru huzifukia kokwa hizo ardhini ziwe akiba yake, na zile anazozisahau huchipua. Mche mchanga hutaka mwangaza. Chini ya kivuli kizito cha mama yake haufiki mbali.

Mwaloni huchukua miaka kama 40 kabla ya kuzaa kokwa kwa wingi, na miaka 100 au zaidi kabla ya kutoa mbao bora. Mbao hizo ni ngumu, hazionyeshi haraka dalili za kuoza, na hutumika kwa kujengea nyumba, kwa samani, na kwa mapipa ya kuwekea mvinyo. Magome yake yalitumika tangu zamani kutengenezea ngozi, kama magome ya miwati yalivyotumika Kenya. Katika Hispania kokwa zake hunenepesha nguruwe. Katika Ureno iko aina ambayo gome lake hufanywa vizibo vya chupa. Gome hubanduliwa kwa mara ya kwanza mti ukiwa na umri wa miaka 25 hivi, kisha kila baada ya miaka 9, wala mti haukatwi.

Mwaka 1670 Colbert, waziri wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliamuru msitu wa Tronçais utunzwe ili upatikane mwaloni wa kuundia merikebu za vita. Miti hiyo ilipofikia ukubwa uliotakiwa, merikebu zilikuwa zikiundwa kwa chuma. Hata hivyo kazi ile haikupotea, kwa maana mbao za Tronçais sasa zasifiwa kwa mapipa. Kadhalika, kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris lilipoungua Aprili 2019, ilikatwa zaidi ya mialoni 1,000 ili kulijenga upya, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Wengi wa waliopanda na kuitunza miti ile walikuwa wamekwisha kufa zamani.

FUNZO LA KONGWA

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, kwa sababu ya upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Matrekta yaliletwa, reli na bandari zikashughulikiwa, lakini ardhi yenyewe haikuchunguzwa vya kutosha. Mibuyu na vichaka vilivunja mitambo. Mvua haikuwa ya kutegemewa, jambo ambalo Wagogo walilijua siku zote. Kiangazi kilipofika udongo ulishikana, na karanga hazikuchimbulika. Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilihesabiwa kuwa paundi milioni 36.

Kosa halikuwa la karanga, kwani hata leo wakulima wadogo wa Dodoma huzilima na kuzivuna. Kosa lilikuwa la kuamua kwanza na kuuliza baadaye.

MASWALI MATATU

Basi kabla ya kupanda kitu chochote, mkulima na ajiulize maswali matatu. Udongo huu ni mwepesi au mzito? Mvua ya hapa hutosha, nayo hunyesha kwa miezi mingapi? Na mmea huu utanilipa lini: msimu huu, au katika siku za wajukuu?

Si lazima achague kimoja na kuacha kingine. Mwaloni si mti wa kuhangaikia katika nchi ya joto, lakini subira ya mwaloni yafaa kila mahali. Mgrivea, ulioletwa kutoka Australia, huitwa na Waingereza kwa jina la mwaloni ingawa si jamaa yake. Ukipandwa mpakani mwa shamba hutoa kuni za kupogoa baada ya miaka michache, na mbao baada ya miaka 15 hadi 20. Mwenye ekari mbili zenye udongo wa kufaa aweza kupanda karanga katikati na miti pembeni. Karanga zitawalisha watoto mwaka huu, na miti itawaezekea nyumba watakapokuwa watu wazima.