Kupandishwa Jukwaani: Wimbo wa Dansi ni wa Nani?

Sisi tuliosomea fasihi, tukitaka kuhakiki wimbo wa dansi, aghalabu hufanya jambo moja: tunasikiliza kaseti, tunanakili maneno, halafu tunaanza kuchambua fani na maudhui. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini njia hiyo hainiridhishi. Nitaanzia Mpanda, kwa kuwa ndiko nilikofunzwa, tena kwa aibu.

Mwaka 1991 Mpanda ilikuwa bado katika Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa 2012. Muziki ulitufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo studio yake ilirekodi bendi nyingi kubwa za nchi. Ya pili ni reli, ule mchepuko wa kutoka Kaliua uliojengwa na wakoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Bendi ikija ilishusha vyombo kwenye behewa kama watu wanavyoshusha magunia.

Hapo kwenye vyombo pana neno. Wanamuziki wengi wa miaka ile hawakumiliki gitaa la umeme. Lilikuwa mali ya mwajiri. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadili jina nayo ikafuata: JUWATA, kisha OTTU. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki akihama, vyombo vinabaki. Basi kijana wa Mpanda mwenye gitaa kavu la nyuzi za waya wa breki ya baiskeli angelishika wapi la umeme, kama si kwa kuomba apandishwe jukwaani bendi inapopita?

Anayepandishwa anaingilia wapi? Wapigaji wa blues wa Marekani wana njia pana: nyimbo zao nyingi hutembea katika mzunguko uleule wa vipimo 12, kwa hiyo mgeni anajua aliko. Buddy Guy, aliyefika Chicago mwaka 1957 akitokea Louisiana, alijulikana kwa kupanda hivyo kwenye majukwaa ya mji ule. Dansi letu lina mlango mwembamba zaidi. Sehemu ya kwanza ya wimbo ni ya maneno. Beti zimepangwa, tarumbeta zina mahali pake, na mgeni hana lake. Kisha linakuja chemko: mwendo unapanda, waimbaji wanarudi nyuma, magitaa yanazunguka. Hapo ndipo mgeni huitwa.

Bendi iliyokuja ilikuwa ya Dar es Salaam. Jina naliweka mfukoni. Wakati wa mapumziko nilimwendea mpiga solo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Unapiga nini?"

"Solo."

Akacheka. "Haya, wimbo gani?"

Nikamtajia. Nilikuwa nimeukariri redioni kwa miezi, noti kwa noti. Ningeweza kuupiga usingizini.

Chemko lilipoanza akanivika gitaa lake, nikapiga kila nilichokijua. Watu walishangilia (kijana wa nyumbani, si unajua), lakini jukwaani mambo yalikuwa yanaharibika. Mpiga gitaa la pili aliacha, akanitazama, akaanza tena, akaacha. Besi ikabaki inatembea peke yake. Kumbe ule mstari mmoja niliokariri haukuwa wa mtu mmoja! Yalikuwa magitaa mawili: moja linauliza, lingine linajibu kwenye pengo, na ridhimu inashona chini yao. Redio yetu ya spika moja ilikuwa imeyachanganya yakawa sauti moja. Mimi nikawa napiga sehemu yangu na ya jirani.

Mwenye gitaa akaniinamia sikioni: "Mdogo wangu, punguza. Muachie na mwenzio."

Nikaacha nusu ya noti. Nikawa napiga mbili, nangoja. Jamaa akajibu. Kwa dakika moja hivi tulikwenda sawa, na raha ile sijaipata tena mahali pengine.

Haya yanahusu nini uhakiki? M.M. Mulokozi, katika Mulika namba 21 ya 1989, aliieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio: lina fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Wengi tunaikariri fasili hiyo kwa ajili ya mtihani, kisha tunarudi kwenye kaseti kana kwamba hatukuisoma. Tunaandika "mtunzi anasema" kwa wimbo uliopikwa na kikosi kizima mazoezini. Na chemko je? Tunalikata kabisa, kwa kuwa halina maneno mengi ya kunakili! Remmy Ongala aliimba juu ya kifo, na watu walicheza. Mhakiki aliyenakili maneno tu ataieleza huzuni; kule kucheza atakuelezaje?

Sisemi kila mhakiki apande jukwaani. Wengine wangeharibu zaidi yangu. Nasema aseme bayana daftari lake limeshika sauti ya nani na limeacha ya nani. Mimi siku hizi husikiliza wimbo mara tatu kabla ya kuandika neno, kila mara nikifuata gitaa moja tu.

Wimbo wa Mpanda bado ninao. Kuna mahali, tarumbeta zikishanyamaza, ambapo mpaka leo siwezi kusema ni gitaa lipi linalomalizia.