Ngano, Maziwa na Ukuta wa Utumbo

Ugonjwa wa seliaki huwapata watu ambao miili yao haiwezi kuistahimili gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Gluteni ndiyo iufanyayo unga wa chapati uliokandwa uvutike bila kukatika. Kwa walio wengi haina madhara yoyote. Lakini kwa mwenye ugonjwa huu, kinga ya mwili huiona kuwa adui, na katika kupigana nayo huujeruhi ukuta wa utumbo mwembamba.

Uhusiano huo ulibainishwa na Willem Karel Dicke, tabibu wa watoto wa Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, njaa ya vita ilipoikumba nchi hiyo na mkate ukaadimika, watoto wenye seliaki walipata nafuu badala ya kudhoofu. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Dicke, aliyekuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita, alitoa matokeo ya uchunguzi wake katika tasnifu ya udaktari huko Utrecht mwaka 1950.

Tangu hapo tiba imebaki ile ile: kuacha nafaka hizo tatu maisha yote. Hata hivyo, wapo wagonjwa wanaolitii sharti hilo kwa uaminifu, na bado tumbo hujaa gesi, hunguruma na kuharisha. Baadhi yao hukata tamaa na kurudia mkate, wakidhani kwamba tabibu amekosea. Mara nyingi kisababishi ni maziwa.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na vijidole vidogo mno, vilivyosongamana kama nyuzi za zulia, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Kwenye ncha zake ndiko inakopatikana kwa wingi laktasi, kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Seliaki huvifupisha vijidole hivyo, na laktasi hupotea pamoja na ncha. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, huvuta maji, na huchachushwa na bakteria. Hitilafu ni mbili basi, na ya pili imezaliwa na ya kwanza.

Aghalabu hii ya pili ni ya muda. Ukuta ukipona, jambo linaloweza kuchukua miezi kadhaa, na kwa watu wazima hata miaka miwili au zaidi, laktasi hurejea. Lakini si kwa kila mtu, kwani wanadamu walio wengi hupungukiwa na laktasi baada ya utoto, wawe na seliaki au wasiwe nayo. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walieleza mabadiliko ya kijeni yanayoidumisha laktasi ukubwani miongoni mwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudani, nayo ni tofauti na yale ya Ulaya. Hivyo mtu wa jamii ya wafugaji na jirani yake mkulima waweza kupona seliaki sawasawa, mmoja akarudia bilauri yake ya maziwa, mwingine asiweze.

Kwa upande wa nafaka, Afrika Mashariki ina bahati: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, muhogo na ndizi havimdhuru mgonjwa. Hatari imo katika mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano, katika unga wa lishe uliochanganywa, na katika mafuta yaliyokaangiwa maandazi. Kipimo cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni hakizidi miligramu 20 kwa kilo moja!

Maziwa yasiachwe ovyo. Ya mgando yana laktosi pungufu, na wengi huyamudu. Anayelazimika kuyaacha kabisa hana budi kuifidia kalisi, mathalani kwa dagaa waliwao na mifupa yao, kwa kuwa seliaki huwa imekwisha kuidhoofisha mifupa yake.

Anayejishuku asiiache ngano kabla ya kupimwa damu. Akiiacha mapema, kingamwili hufifia, ukuta huanza kupona, na tabibu hukosa dalili za kumwongoza.