Kumpiga Teke Chura

Ndugu wanakamati wa sharika na wafadhili, katika taarifa za miradi tumezoea kuandika "malengo hayakufikiwa". Maneno hayo hayatoshi pale mpango unapoleta kinyume cha ulichokusudia. Kiswahili kina usemi wake: kumpiga teke chura ni kumwongezea mwendo. (Kujipalia makaa ni tofauti kidogo, maana hapo anayeungua ni mwenye mpango mwenyewe.)

Wakulima wa nyanya hapa Ilula wanamjua chura huyo. Kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kusini, aliripotiwa nchini mwaka 2014. Kiwavi wake hula akiwa ndani ya jani, hivyo dawa haimfikii vizuri. Mkulima akipulizia sumu ileile kila mara, hufa wadudu rafiki wanaokula mayai yake, na viwavi wachache wanaoistahimili ndio wanaobaki kuzaa. Sumu inaongezeka, kantangaze anaongezeka, na deni la duka la pembejeo nalo linaongezeka.

Tunaziomba kamati, hali ikiwa hivyo, ziandike wazi: "mradi umeongeza tatizo". Mfadhili akisoma tu kwamba malengo hayakufikiwa, huenda akaleta fedha za kununulia dawa zaidi.