Mkongo Mpana Hauiharakishi Ripoti

“Tununue mkongo wa megabiti ngapi ili ripoti inayosoma jedwali la seva ya mbali itoke haraka?” Nimechoka kuulizwa hivi, hasa kwa kuwa anayeuliza huwa ameshaletewa bei na ameshamwahidi bosi wake matokeo.

Upana wa mkongo mara nyingi si tatizo. Chukua PostgreSQL, inayofikia majedwali ya nje kwa kiendelezi chake, postgres_fdw. Usipogusa mipangilio, huchota rekodi 100 tu kwa mara moja, kisha huomba 100 nyingine, mpaka ziishe. Tuseme jedwali lina rekodi milioni moja, na kila ombi huchukua milisekunde 40 kwenda na kurudi. Hizo ni safari 10,000, sawa na sekunde 400: karibu dakika saba za kusubiri tu. Sasa zidisha upana wa mkongo mara kumi. Safari ni zilezile 10,000. Milisekunde 40 nazo hazipungui, maana zinatokana na umbali na vifaa vya njiani. Fungu la rekodi 100 za kawaida ni kilobaiti chache, halijazi hata mkongo mlio nao! Jaribio la kasi la kupakua faili moja kubwa halisemi lolote kuhusu kazi ya namna hii, na ndilo mnaloonyeshwa na wauzaji.

Ulizeni kwanza kwa nini rekodi milioni zinasafiri wakati ripoti inataka mia tatu. Mkiweka kwenye WHERE fankisheni mliyoitunga wenyewe, kwa kawaida sharti hilo halipelekwi kwenye seva ya mbali. Seva yenu huvuta rekodi zote na kuzichuja nyumbani, na indeksi ya kule ambayo ingezipunguza haina kazi.

Basi fanyeni hivi. Endesheni EXPLAIN VERBOSE, msome mstari wa Remote SQL: hicho ndicho kinachotumwa. Andikeni upya sharti lisilomo. Pandisheni fetch_size, yaani idadi ya rekodi za kila fungu, hadi elfu kadhaa, kumbukumbu ikiruhusu. Washeni use_remote_estimate ili makadirio ya swali yatoke kule, mkijua kupanga swali kutaongeza safari, au endesheni ANALYZE kwenye jedwali la nje. Walio na Oracle wajaribu kidokezo cha DRIVING_SITE, ili swali liendeshwe kule. Wa SQL Server, OPENQUERY. Ripoti inayotosheka na data za jana iwekewe nakala hapa, isasishwe kila usiku. Inayotaka salio la dakika hii haiwezi kutumia nakala. Hiyo iandikwe ichuje kulekule kwenye seva ya mbali.