Tunza uwanja wa saruji upate mchele usio na mawe

MPUNGA uliolimwa vizuri unaweza kupoteza bei kwa siku chache za kuanikwa. Mnunuzi akichota mchele kiganjani na kukuta changarawe, hushusha bei au huhamia kwa jirani. Mara nyingi changarawe hizo hazikutoka shambani, bali kwenye uwanja wa saruji uliobanduka.

Kwa mkulima au mwenye mashine ya kukoboa wa Bugarama, wilayani Kahama, uwanja huo ni mtaji. Ukiwa na mita 10 kwa 10, na mpunga ukatandazwa kwa unene wa sentimita 3, unabeba zaidi ya tani moja na nusu kwa mara moja.

Adui wa kwanza ni ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa mbuga huvimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, hivyo sakafu iliyomwagwa juu yake bila kuchimbuliwa na kushindiliwa moramu hupasuka. Adui wa pili ni maji yanayotuama. Uwanja uwe na mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita, na mfereji pembeni. Adui wa tatu ni lori: sakafu nyembamba isiyo na nondo haihimili uzito wake, na oili inayodondoka huharibu mpunga.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukarabati ufanyike mapema, takriban mwezi mmoja kabla ya mavuno. Chonga ufa kwa tindo hadi kina cha sentimita 2, ondoa vumbi lote, lowesha, kisha paka uji wa saruji. Jaza mchanganyiko wa saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, usawazishe, ufunike kwa magunia yaliyolowa na kumwagilia kwa siku 7. Saruji inayokauka haraka juani huwa dhaifu na hubanduka tena. Lami isitumike kuziba ufa, kwani hulainika kwa joto na kunata kwenye punje.

Katika ukanda wa dhahabu lipo tahadhari jingine kubwa. Marudio ya karasha yasitumike kama mchanga wa ujenzi, hata yakipatikana bure, kwa sababu yanaweza kuwa na zebaki. Vilevile, uwanja uliotumika kusaga mawe au kuchoma dhahabu usianikiwe chakula.

Wapo wanaofikiria kupaka rangi ya epoksi, kama inayoonekana kwenye gereji na maghala. Rangi hiyo ni ghali, na nyingi hugeuka njano na kutoa unga zikipigwa na jua muda mrefu. Kwa uwanja wa mpunga, saruji iliyosakafiwa vizuri inatosha.

Matunzo ya kila siku hayana gharama: fagia kabla ya kuanika, ng'oa majani kwenye nyufa, zuia mifugo. Wakati wa kuanika, geuza mpunga kila nusu saa, na jua la mchana likiwa kali ukusanye na kuufunika, kwani saruji yenye joto kali hupasua punje na kuongeza chenga. Unyevu ukishuka hadi asilimia 14, mpunga uko tayari kukobolewa.

Mfuko mmoja wa saruji unaweza kuziba nyufa nyingi. Anayeahirisha kazi hiyo hulipia kwenye mizani ya mnunuzi, gunia baada ya gunia.