Je, wajua? Zirikoni, punje inayoujua ukoo wa magma

Kitu kikongwe kuliko vyote vilivyozaliwa hapahapa Duniani na kupimwa umri ni punje ya madini isiyofika hata robo ya milimita kwa upana. Ilitoka Jack Hills, vilima vikavu vilivyo yapata kilomita 800 kaskazini ya Perth, Australia Magharibi, na ina umri wa miaka bilioni 4.4. Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.54.

Madini hayo ni zirikoni, na wala si adimu. Yamo ndani ya graniti na yamo kwenye michanga ya pwani. Huko Kwale, kusini ya Mombasa, yalichimbwa pamoja na ilmenaiti na rutaili hadi mwisho wa mwaka 2024, yakawa yanapakiwa melini pale Likoni. Sehemu kubwa ya zirikoni inayouzwa duniani huishia kwenye vigae na vyombo vya kauri, kwa hiyo huenda msomaji ameikanyaga leo asubuhi akielekea bafuni.

Sababu ya kujaa mchangani ndiyo hiyohiyo inayowafanya wanajiolojia waithamini: haiharibiki upesi. Jua, mvua na mizizi vikiubomoa mwamba, madini mengine hugeuka udongo wa mfinyanzi, lakini zirikoni hubaki ilivyo. Mto huibeba na kuitua mahali, mashapo huifunika, na mwishowe hujikuta ndani ya mwamba mwingine kabisa. Punje za Jack Hills zimepitia hayo yote. Mwamba unaozishikilia leo ni kokoto na mchanga vilivyogandamana yapata miaka bilioni 3 iliyopita. Ule uliozizaa umetoweka, na hakuna atakayeushika mkononi. Kinachoweza kutueleza ulikuwa mwamba gani ni isotopu zilizofungiwa ndani ya punje.

Isotopu ni atomu za elementi moja zenye protoni sawa ila nyutroni zinatofautiana, hivyo tabia zao za kikemia zinalingana huku uzito ukizitenga. Baadhi hudumu milele, nyingine huoza polepole na kugeuka elementi nyingine. Zirikoni inapoganda ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, huikaribisha urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo karibu risasi yote inayokutwa ndani yake baadaye imezaliwa humo humo na urani. Nusu ya urani-238 hugeuka risasi-206 katika miaka bilioni 4.47, nusu ya urani-235 hugeuka risasi-207 katika miaka milioni 704. Hizo ni saa mbili zenye kasi tofauti ndani ya punje moja. Zikikubaliana, umri unaaminika. Zikipishana, mpimaji anajua kwamba punje iliwahi kupoteza risasi.

Kuipata punje yenyewe ni kazi ya mikono. Mwamba husagwa, unga wake huoshwa kama wachimbaji wadogo wa Geita wanavyoosha mchanga wa dhahabu kwenye karai, sumaku huondoa madini ya chuma, kisha kimiminika kizito huiacha zirikoni izame huku kwatzi ikielea. Halafu mtu hukaa mbele ya hadubini na kibano chembamba, akizichagua moja moja. Hupangwa kwa mistari ndani ya kidonge cha resini, kinasuguliwa hadi kila punje ibaki nusu na kiini chake kiwe wazi. Zikipigwa na mwale wa elektroni zinang'aa, na hapo tabaka za ukuaji hujitokeza: kiini, ukanda unaokizunguka, ukanda mwingine tena. Zirikoni iliyonusurika ndani ya magma ya pili huota gamba jipya juu ya mwili wa zamani. Ukilenga vibaya kwa upana wa unywele, umechanganya maisha mawili ya punje hiyo na kupata umri ambao haukuwahi kuwapo.

Chombo kilichofungua njia ya kulenga kwa usahihi huo kilijengwa Canberra na Bill Compston na wenzake katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, kikakamilika mwaka 1980. Ni mashine ya tani kadhaa. Hufyatua mwale wa ioni, huchimba kishimo cha mikromita 30 hivi kwa upana, kisha atomu zilizong'olewa hupitishwa kwenye sumaku kubwa: nyepesi hupinda zaidi, nzito hupinda kidogo, na kila isotopu huhesabiwa kivyake.

Umri unavutia, na magazeti huupenda. Kwangu mimi jambo kubwa zaidi liko kwenye oksijeni, kwa sababu yenyewe inataja magma ilitokana na nini. Oksijeni-18 ni nzito kuliko oksijeni-16. Zirikoni iliyozaliwa na magma ya moja kwa moja kutoka koti la Dunia, lile tabaka nene lililo chini ya ganda, ina wastani wa 5.3 kwa elfu juu ya kipimo rejea cha maji ya bahari, ikipishana kwa takriban 0.3. Mwamba ukikaa na maji penye ubaridi wa usoni mwa Dunia na kugeuka udongo, hukusanya oksijeni-18 zaidi. Udongo huo ukizama, ukayeyuka, magma yake huirithi, na zirikoni ya magma hiyo huihifadhi.

Mwaka 2001, Simon Wilde wa Chuo Kikuu cha Curtin, John Valley wa Wisconsin na wenzao walitangaza katika jarida la Nature kwamba punje yao ya miaka bilioni 4.4 ilikuwa na sehemu iliyofikia 7.4. Katika toleo hilohilo, Stephen Mojzsis, Mark Harrison na Robert Pidgeon walitoa matokeo yanayoelekea huko huko kwa punje za miaka bilioni 4.3. Maana yake ni nzito. Enzi ile ilikuwa ikichorwa kama bahari ya moto isiyo na pa kukanyaga, na sasa punje zinasema palikuwa na maji katika hali ya kimiminika, na mwamba uliolowa kabla ya kuyeyushwa upya. Kiasi cha titani kilichomo ndani yake kilikuja kuunga mkono: kinaonyesha nyingi ziliganda kwenye nyuzi 700 hivi za Selsiasi, joto linalolingana na magma yenye maji.

Wapinzani walikuwa na hoja ya haki. Je, kama risasi ilihamahama ndani ya fuwele, huo umri si wa kubahatisha? Mwaka 2014 kundi la Valley likaenda kuhesabu atomu moja moja. Waliikuta risasi imejikusanya katika vifundo vya nanomita 10 hivi, umbali mdogo mno kuathiri kipimo cha kishimo cha mikromita kadhaa. Umri wa punje waliyoipima, miaka bilioni 4.374, ukasimama.

Kisha mwaka 2024 Hamed Gamaleldien na wenzake wakaonyesha upande wa pili wa oksijeni. Baadhi ya punje za Jack Hills, zenye miaka bilioni 4 hivi, zina oksijeni nyepesi kuliko ya koti. Maji ya bahari peke yake hayafikishi wepesi huo. Yanayoufikisha ni maji ya mvua, ambayo hupoteza oksijeni nzito njiani yakiwa mvuke. Mvua hiyo ilipenya miamba iliyokuwa imechomoza juu ya bahari. Nchi kavu, basi, na maji matamu.

Shahidi wa tatu ni hafni. Luteti-176 huoza kuwa hafni-176 polepole sana, nusu yake kwa takriban miaka bilioni 37. Koti linapoyeyuka, hafni hupenda kufuata magma kuliko luteti inavyoifuata, hivyo ganda la zamani huachwa nyuma katika kutengeneza hafni-176 mpya. Kwa kipimo hicho tunatofautisha magma changa ya kotini na ile iliyotokana na ganda kuukuu lililopikwa tena.

Hapa Afrika ina sauti yake. Barberton, Afrika Kusini, Nadja Drabon na wenzake walipima punje 33 zenye umri wa kati ya miaka bilioni 4.1 na 3.3. Kabla ya miaka bilioni 3.8 iliyopita, hafni ya punje hizo inaonyesha ganda lilelile likirudiwa kuyeyushwa kwa muda mrefu. Kuanzia hapo magma changa zinaingia. Wengine wanaliona badiliko hilo kuwa dalili kwamba mabamba ya Dunia yalianza kusogea na kuzamiana, wengine wanadhani kuna namna nyingine za kulieleza. Jack Hills wameshapima punje zaidi ya laki moja, Barberton ni hizo 33, na mashapo ya kale ya kitako cha mwamba kinachoanzia Dodoma hadi Ziwa Viktoria hayajachekechwa kwa kiwango hicho.