CHUJIO LA JIKONI: LINALODUMU NI LIPI?

Leo tuzungumze juu ya chombo ambacho watu hukinunua bila kukitazama mara mbili: chujio la plastiki, lile bakuli la matundu tunaloshea mboga na kumwagia viazi vilivyoiva. Sufuria twaigonga kwa kidole na kuisikiliza mlio wake. Jembe twalipima uzito mkononi. Lakini chujio twalichagua kwa rangi tu, twalipa, twaondoka. Na huenda chombo hicho, siku kikivunjika, kitavunjika kimejaa viazi na maji yanayochemka, karibu na miguu ya mtu.

Zamani kazi hii ilikuwa ya vyombo vya kusuka. Pwani kifumbu cha ukindu chachuja tui hata leo, na ungo bado hauna mshindani katika kupeta mchele. Lakini aliyesuka ungo wako wamjua. Kama kazi yake ni mbaya, utakwenda kumwambia. Chujio la plastiki limetoka kiwandani, aliyelitengeneza humjui wala hutamwona. Basi sharti ujue kulisoma mwenyewe.

Plastiki si moja

Jambo la kwanza la kujua ni hili: neno “plastiki” ni kama neno “mti”. Mninga ni mti na mpapai ni mti, lakini hakuna fundi atakayekutengenezea mlango wa mpapai.

Plastiki inayofaa zaidi kwa chujio huitwa polipropilini. Mtaalamu wa kemia wa Italia, Giulio Natta, aliitengeneza mwaka 1954, na mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani kwa kazi zao za namna hiyo. Faida yake jikoni ni kwamba yaanza kuyeyuka kwenye joto la digrii 160 hivi, na maji yanayochemka hayapiti digrii 100. Iko nafasi ya kutosha kati ya hapo na hapo. Ya pili ni polithilini nzito, ile ya ndoo na madumu. Hii huyeyuka kwenye digrii 130 hivi. Maji ya moto hayaiyeyushi, ila huilegeza zaidi, kwa hiyo chujio la namna hiyo sharti liwe nene. Ya tatu ni polistirini, inayong'aa kama kioo, nayo hupendeza sana dukani. Hiyo huanza kulegea karibu na digrii 100 zenyewe, na ikiwa baridi hupasuka kama kigae. Yafaa kuwekea matunda mezani. Kumwagia viazi vya moto, hapana!

Utazitambuaje? Geuza chujio, utazame chini yake. Vyombo vingi vina alama ya pembetatu ya mishale mitatu yenye namba katikati. Alama hiyo ilianza Marekani mwaka 1988 ili kuwasaidia watu wanaokusanya plastiki kuukuu waweze kuzitenganisha. Namba 5 ni polipropilini, namba 2 ni polithilini nzito, namba 6 ni polistirini. Lakini angalia: namba yakuambia aina tu, haikuambii kwamba chombo ni kizuri. Chombo chaweza kuwa na namba 5 na bado kikawa chembamba kama karatasi. Ukiona pia picha ya bilauri na uma, maana yake ni kwamba kimekusudiwa kushika chakula.

Labda utasema, “Vya kwetu gulioni havina alama yo yote.” Ni kweli, vingi havina. Basi iko njia nyingine, nayo haihitaji shule. Polipropilini na polithilini ni nyepesi kuliko maji. Polistirini ni nzito kidogo kuliko maji. Chukua ndoo ya maji, lizamishe chujio lote, litikise mapovu yatoke, kisha liachie. Likipanda juu, ni mojawapo ya zile mbili zinazofaa. Likizama, ni plastiki ya aina nyingine, au imechanganywa na unga mwingi wa chokaa ili kupunguza gharama. Mwenye duka aliye jirani hatakunyima ndoo ya maji kwa dakika moja. Akikataa kwa hasira, nawe umepata jibu la namna yake. Tena ligonge kwa ukucha: polistirini hulia kwa sauti kali kama ya bilauri, na polipropilini hutoa sauti nzito, fupi.

Kitovu na mikono

Sasa tazama lilivyoundwa. Katikati ya tako la chujio utaona kijinundu kidogo, mfano wa kitovu. Plastiki iliyoyeyushwa huingizwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma kupitia tundu moja dogo, na hapo penye kitovu ndipo ilipoingilia. Mara nyingi ufa huanzia hapo. Ukiona mistari midogo ikitawanyika kutoka kwenye kitovu kama miali ya jua, lirudishe.

Matundu nayo yana jambo lake. Kiwandani hayatobolewi kwa msumari. Ndani ya kalibu vimo vijiti vya chuma, na plastiki ikifika penye kijiti hugawanyika, huzunguka, kisha hukutana tena ng'ambo ya pili. Hapo inapokutana hubaki mshono usioonekana, na mshono ni dhaifu kuliko mahali pengine. Ndiyo sababu chujio lililojaa matundu hata ukingoni, nafasi kati ya tundu na tundu ikiwa nyembamba kama uzi, halidumu, hata likiwa la plastiki njema. Chagua lile ambalo tako lake lina mbavu, yaani mistari iliyoinuka, na ambalo ukingo wake umekunjwa kwa nje ukawa mnene.

Linyanyue juu, ulitazame kwa mwanga wa jua. Mahali penye wembamba patang'aa kuliko pengine. Kisha shika mikono yake miwili uibane pole pole kana kwamba wataka ikutane. Chujio jema hupinda likarudi. Baya hufanya alama nyeupe pale linapopinda, na alama hiyo haiondoki. Hapo ndipo litakapokatika baadaye. Lisipopinda kabisa, bali likalia “kwa!”, utakuwa umeokoa fedha zako.

Mikono ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko yote. Mimi karani wa parokia huandika daftari la vyombo vya jiko letu, vile vinavyotumika siku za Kipaimara na arusi. Sufuria zilizoandikwa na karani aliyenitangulia bado zipo. Machujio ndiyo yanayoandikwa na kufutwa, kuandikwa na kufutwa, na karibu kila mara mpishi aliyeniletea lililovunjika alinionyesha mahali pale pale: mkono umeng'oka kwenye shina. Mzigo wote wa viazi na maji waning'inia pale. Basi tafuta mikono iliyo kipande kimoja na ukingo, mipana, yenye mbavu kwa chini. Na iwe mirefu kiasi cha kukaa juu ya ukingo wa beseni lako. Sisi wengi wa vijijini hatuna sinki; twachujia juu ya beseni au karai. Chujio linaloketi lenyewe juu ya beseni halihitaji mtu wa kulishika. Pima kipenyo cha beseni kwa kamba kabla ya kwenda mnadani.

Kuhusu ukubwa wa matundu, fikiri utakachochuja. Punje ya mchele ina unene wa milimita 2 hivi, karibu sawa na njiti ya kiberiti. Njiti ikipita na kuchezacheza tunduni, chenga za mchele zitapita pia. Kwa maharage, viazi na mchicha tundu kubwa ni bora, maana maji huondoka upesi. Kwa dagaa, chagua matundu madogo ya mviringo. Yale marefu kama nyufa hunasa vichwa, na kuvitoa ni kazi ya jioni nzima.

Rangi ni hiari yako, ila moja nina neno juu yake. Baadhi ya plastiki nyeusi hutengenezwa kwa kuyeyusha magamba ya redio, televisheni na mashine nyingine kuukuu, ambayo yalitiwa dawa za kuzuia moto, na wachunguzi wamezikuta dawa hizo katika vyombo vya jikoni. Si kila cheusi ni kibaya, lakini kwa macho huwezi kuvitenganisha. Mimi hununua cha rangi nyingine. Na cho chote kinachonuka mafuta ya taa au rangi ya mlango, kiache hapo hapo.

Wako pia wanaochukua ndoo kuukuu na kuitoboa kwa msumari wa moto. Ndoo iliyokuwa na mafuta ya kula, vema, ioshe utumie kwa mboga. Lakini ndoo ya rangi au dumu la dawa ya shambani, hata ukiosha mara saba, lisiguse chakula.

Maadui zake

Umelipata chujio jema. Sasa litauawa na nini? Si maji ya moto, kama wengi wadhanivyo. Adui wa kwanza ni mafuta. Mafuta ya kukaangia maandazi hufikia digrii 180, nawe umekwisha kusoma kwamba polipropilini huyeyuka kwenye 160. Ukitoa maandazi au samaki kutoka karaini na kuyatupa moja kwa moja ndani ya chujio la plastiki, matundu yataungana mbele ya macho yako, na plastiki itaingia katika chakula. Kwa kazi hiyo tumia chujio la chuma au la alumini. Hali kadhalika usiliegemeze kwenye jiko la mkaa.

Adui wa pili ni jua. Twafundishwa kuanika vyombo juu ya kichanja, na ni mafundisho mema. Lakini jua la siku baada ya siku huivunja plastiki kwa ndani. Rangi hufifia, uso hutoa unga ukiupangusa, kisha nyufa ndogo ndogo huonekana. Chujio la namna hiyo huonekana zima, ila nguvu yake imekwisha. Lianike likauke, kisha uliingize ndani kivulini. Likianza kutoa unga, lisipokee tena maji ya moto hata siku moja. Libaki la kuoshea mchicha.

Usilisugue kwa mchanga wala kwa steliwaya. Mikwaruzo hufuga uchafu. Brashi kuukuu ya meno na maji ya sabuni yatosha. Ukiosha nyama mbichi au samaki ndani yake, lioshe vizuri kabla ya kutia nyanya au kachumbari.

Na sasa neno ambalo kwa ajili yake hasa nimeandika haya yote. Ukimwaga sufuria inayochemka, usimwambie mtoto, “Nishikie chujio.” Twaliona hilo katika nyumba nyingi: binti wa miaka minane amelishika chujio kwa mikono miwili juu ya beseni, na mama anamwaga. Mkono wa plastiki ukikatika, maji yote yaenda mapajani na miguuni mwa mtoto. Weka beseni chini, mahali palipo sawa, chujio juu yake, watoto mbali, ndipo umwage pole pole kwa kuelekeza mvuke upande usio wa uso wako.

Mtu akiungua, mwondolee haraka nguo iliyolowa maji ya moto, isipokuwa iliyogandamana na ngozi, kisha mmwagie palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke zahanati. Akiwa mtoto mdogo, au akiwa ameungua usoni, mikononi au mahali papana, msingoje kesho.

Likivunjika kabisa, vipande vyake msiwashie moto. Najua plastiki hushika upesi kuliko kuni mbichi, lakini moshi wake hudhuru kifua cha anayepika na cha mtoto aliye mgongoni mwake. Kama wapo wanunuzi wa plastiki kuukuu wanaopita kijijini, wauzieni. Kama hawapo, chujio lililong'oka mkono lafaa kabisa kwa miche: tandika majani makavu ndani, jaza udongo na mbolea, otesha sukumawiki, nalo maji ya ziada litayatoa lenyewe.